AR-15: Bunduki isiyokwisha kuundwa na mabishano juu ya vipuri vyake

Mamilioni ya raia wa Marekani wanamiliki bunduki ya AR-15, na wengi wao huibadilisha kipuri kimoja baada ya kingine. Wenyewe hubishana ni kipuri gani chenye manufaa na kipi ni urembo mtupu. Bunge na mahakama nazo hubishana ni kipuri gani kinachoigeuza bunduki hiyo kuwa rashasha. Makala haya yanaeleza chimbuko la mabishano hayo mawili, na kwa nini yanagusa uhai wa watu.

Kwa mujibu wa taasisi ya utafiti wa silaha ndogo ndogo, Small Arms Survey, yenye makao yake mjini Geneva, kufikia mwisho wa mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki zipatazo milioni 393. Hizo ni bunduki 120 kwa kila watu 100. Uchunguzi uliofanywa na kituo cha Pew mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya watu wazima nchini humo walisema wana bunduki yao wenyewe, na asilimia 72 ya wamiliki hao walitaja kujilinda kuwa sababu kubwa ya kuwa nayo.

Ndani ya umma huo mkubwa limo kundi la watu ambao kwao bunduki si chombo cha kufungiwa kabatini tu. Hao ndio wapenzi wa bunduki. Wapo miongoni mwao askari wastaafu, wawindaji, madereva wa malori, wauguzi na wahasibu. Mwisho wa wiki hukutana katika viwanja vya kulenga shabaha, na huweza kujadiliana nusu ya siku nzima juu ya springi isiyozidi urefu wa kidole. Na bunduki inayozungumzwa kuliko nyingine zote ni AR-15.

Bunduki ya vipande

Herufi AR hazina maana ya silaha ya mashambulizi, kama wengi wanavyodhani. Zinatokana na jina la kampuni ya ArmaLite ya California, ambako mhandisi Eugene Stoner aliibuni bunduki hiyo katika miaka ya 1950. Wakati huo bunduki za jeshi zilikuwa za chuma na mbao. Stoner alitumia aluminiamu na plastiki, akapata silaha nyepesi yenye risasi ndogo iendayo kwa kasi kubwa. Mwaka 1959 ArmaLite iliiuza haki ya kuitengeneza kwa kampuni ya Colt. Jeshi la Marekani liliipokea kwa jina la M16, na mwaka 1964 Colt ikaanza kuwauzia raia bunduki ya umbo hilo hilo.

Tofauti baina ya hizo mbili imo katika mtambo wa kufyatulia. Bunduki ya jeshi inaweza kumimina risasi mfululizo maadamu kidole kimebana kifyatuo. Ile ya raia hujipakia yenyewe, lakini hutoa risasi moja tu kila kifyatuo kinapovutwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayobeba uzito wote wa sheria.

Hataza ya Stoner ilipomalizika mwaka 1977, mlango ulifunguliwa kwa viwanda vingine. Kwa kuwa vyote vilifuata vipimo vile vile, mtutu wa kiwanda kimoja huweza kuingia katika bunduki ya kiwanda kingine. AR-15 ina nusu mbili zilizoshikamanishwa kwa pini mbili. Nusu ya juu ina mtutu. Nusu ya chini ina kifyatuo, mshikio na kitako. Ukizisukuma pini hizo, bunduki huachana, na mtutu hubadilishwa bila ya kwenda kwa fundi.

Kwa sheria ya shirikisho, kinachohesabiwa kuwa bunduki ni ile sehemu ya chini yenye namba ya usajili. Hiyo ndiyo ambayo muuzaji mwenye leseni hawezi kuitoa kabla ya mnunuzi kuchunguzwa. Mitutu, vitako, mishikio na darubini huagizwa kwa posta kama mtu anavyoagiza viatu. Mwaka 2022 chama cha wafanyabiashara wa silaha, NSSF, kilikadiria kwamba bunduki zaidi ya milioni 24 za aina hii na zinazofanana nayo zilikuwa zimeingia mikononi mwa watu tangu mwaka 1990. Ni nadra kukuta mbili zilizo sawa kabisa.

Funzo la Vietnam

Wapenzi wa AR-15 wanapojadili kutegemewa kwa silaha, mazungumzo hurudi mara kwa mara kwenye vita vya Vietnam. Na wana sababu.

M16 ilipopelekwa huko kwa wingi katikati ya miaka ya 1960, ilianza kukwama mikononi mwa askari. Ganda la risasi lililokwisha kulipuka lilinasa ndani ya chemba, na askari akabaki na bunduki isiyofyatuka mbele ya adui. Barua za askari kwa jamaa zao ziliwafikia wabunge na magazeti, zikieleza habari za wenzao waliokutwa wamekufa kando ya bunduki zilizogoma. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi, chini ya uenyekiti wa Richard Ichord wa Missouri, ilifanya uchunguzi na kulilaumu jeshi kwa maneno makali.

Yaliyogunduliwa hayakuwa makosa ya kutisha, kila moja likitazamwa peke yake. Baruti iliyotumiwa katika majaribio ilikuwa imebadilishwa kwa nyingine iliyoacha masizi mengi na kuifanya mitambo iende kasi kupita kiasi. Chemba haikutiwa kromiamu, hivyo ikapata kutu katika hali ya unyevunyevu. Isitoshe, askari wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia, kwani zilikuwa zimeenea habari kwamba bunduki hiyo haihitaji kusafishwa sana.

Makosa hayo yaliporekebishwa, bunduki ilitulia. Chemba ikatiwa kromiamu, vifaa vya usafi vikagawiwa, na jeshi likamwajiri mchoraji mashuhuri wa vibonzo, Will Eisner, atengeneze kijitabu cha michoro cha kuwafundisha askari namna ya kuitunza. Muundo wa Stoner ulibaki karibu vile vile. Funzo ambalo wapenzi wa bunduki wamelirithi ni hili: silaha haigomi kwa sababu haina mapambo, hugoma kwa sababu ya baruti, kutu, uchafu na uzembe.

Mavumbi, mafuta na magazini

Hata hivyo, ubishi haukumalizika. Katika muundo wa Stoner, gesi inayotokana na mlipuko wa risasi hurudishwa nyuma kwa mrija mwembamba hadi ndani ya mtambo wenyewe, ikauendesha. Njia hiyo hupunguza uzito na kuisaidia shabaha, lakini huingiza joto na masizi mahali panapohitaji usafi. Bunduki ya Kirusi ya Kalashnikov, iliyopokewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1949 na inayofahamika mno katika Afrika Mashariki na ya Kati, hufuata njia nyingine. Humo gesi husukuma pistoni, na vipande vyake vina nafasi ya kupitisha uchafu. Kwa hiyo wapo wanaoisifu Kalashnikov kwa ustahimilivu, na wapo wanaoisifu AR-15 kwa shabaha.

Mwishoni mwa mwaka 2007 jeshi la Marekani lilifanya jaribio katika kituo cha Aberdeen, jimboni Maryland. Bunduki za aina nne, kumi za kila aina, zilifyatuliwa katika mavumbi mazito, jumla ya risasi 60,000 kwa kila aina. M4, ambayo ni mtoto wa M16, ilikwama mara 882. HK416 ya Ujerumani, yenye umbo la AR lakini ikiendeshwa kwa pistoni, ilikwama mara 233. SCAR ya Ubelgiji mara 226. Na XM8 mara 127.

Mashabiki wa pistoni walizichukua tarakimu hizo kuwa hukumu ya mwisho. Wapinzani wao walitazama kwa makini zaidi. Katika mara hizo 882, 239 zilitokana na magazini, yaani kisanduku kinacholisha risasi, wala si bunduki yenyewe. Miaka michache baadaye jeshi lilianza kugawa magazini zilizoboreshwa. Tangu hapo limekuwa jambo la kawaida kumsikia mpenzi wa bunduki akimshauri mgeni aanze kushuku magazini kabla ya kutupia lawama kitu kingine. Wengi huziandika namba magazini zao, ili ile inayokwamisha mara kwa mara ijulikane na itupwe.

Suala hilo si la viwanjani tu. Tarehe 13 Julai mwaka 2008, katika kijiji cha Wanat nchini Afghanistan, wanajeshi 9 wa Marekani waliuawa kambi yao iliposhambuliwa, na baadhi ya walionusurika walieleza kwamba bunduki zao zilipata moto na kukwama baada ya kufyatuliwa mfululizo. Walioipinga M4 waliutaja ushahidi huo. Walioitetea walisema hakuna bunduki nyepesi iliyoundwa kumimina risasi kwa kasi hiyo kwa muda mrefu.

Urembo na uzito

Upande wa raia, mabishano huchukua sura ya maisha ya kila siku. AR-15 tupu ina uzito wa takriban kilo 3. Mwenye nayo akiongeza darubini, tochi, mshikio wa mbele, miguu miwili ya kuegemeza na magazini iliyojaa, uzito huo hupanda upesi. Reli ya kubandikia vifaa hivyo, inayoitwa Picatinny kwa jina la karakana ya jeshi iliyoko New Jersey, ilifanywa kipimo rasmi cha jeshi mwaka 1995. Tangu wakati huo karibu kila kitu kinaweza kubandikwa, na hapo ndipo kishawishi kilipo.

Wapenzi wa siku nyingi huwacheka wale wanaoipamba bunduki kama bibi harusi kisha wakashindwa kuibeba kwa saa moja. Ushauri wao hufanana: nunua risasi na mafunzo kabla ya mapambo, kila kipuri kipya kijaribiwe kwa mamia ya risasi kabla ya kuaminiwa, na kila kifaa kinachotumia betri kiwe na mbadala usiotumia betri. Juu ya vifaa vya bei nafuu husemwa yale yale waliyokwisha kuyasema Waswahili, kwamba rahisi huvunja upishi. Lakini wapo pia wanaojibu kwamba bei kubwa nayo mara nyingi ni malipo ya jina la kampuni.

Kifaa kimoja kinaungwa mkono na wakufunzi wengi, nacho ni tochi. Anayeiweka bunduki kwa ajili ya ulinzi wa nyumba, wanasema, lazima aone anayemwelekezea mtutu. Gizani, mtu anayetembea sebuleni anaweza kuwa mwizi, na anaweza kuwa mtoto wa nyumba aliyechelewa kurudi. Kinyume chake, kifyatuo chepesi mno kinachopendwa na washindani wa shabaha hutiliwa shaka kwa matumizi ya nyumbani, kwani mkono unaotetemeka kwa hofu huweza kukivuta bila ya kukusudia.

Ulinzi wa nyumba una sura nyingine ambayo vipuri haviigusi. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao, watu 26,328, walijiua wenyewe. Ndiyo maana baadhi ya wapenzi wa bunduki husema kipuri cha kwanza kununuliwa kiwe kasha la chuma lenye kufuli. Wengine hupinga, wakisema silaha iliyofungiwa haimfai mtu saa ya hatari.

Inchi moja na springi moja

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, iliyotungwa baada ya enzi ya majambazi wa Chicago na miji mingine, iliweka kodi ya dola 200 na usajili kwa rashasha, viwambo vya sauti na bunduki zenye mtutu mfupi. Hadi leo mtutu wa AR-15 usiopungua inchi 16 ni halali bila ya usajili huo. Ukiwa pungufu hata kwa nusu inchi, na bunduki ikawa na kitako, mwenye nayo asiyeisajili ametenda kosa linaloweza kumfunga hadi miaka 10. Sheria nyingine ya mwaka 1986 iliwazuia raia kumiliki rashasha zilizotengenezwa baada ya sheria hiyo kuanza kutumika. Ama kodi ya viwambo vya sauti na mitutu mifupi, ilishushwa hadi sifuri kuanzia tarehe 1 Januari mwaka 2026, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025. Usajili umebaki.

Kati ya mwaka 1994 na 2004 Marekani ilijaribu njia nyingine. Sheria ya miaka kumi ilipiga marufuku bunduki nyingi zinazojipakia kwa kutazama sifa zake, kama vile mshikio wa bastola, kitako kinachokunjwa na mahali pa kufungia singe. Ilizuia pia magazini mpya zenye risasi zaidi ya 10. Viwanda viliviondoa vipuri viwili vitatu vikaendelea kuuza. Wapenzi wa bunduki waliitaja hali hiyo kuwa ushahidi kwamba sheria ilipambana na sura tu. Waliotaka udhibiti waliiona kuwa ushahidi kwamba sheria ilikuwa na mianya mingi mno.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 1 Oktoba mwaka 2017 mjini Las Vegas. Mtu mmoja, akiwa ghorofani hotelini, aliumiminia risasi umati uliokuwa ukisikiliza muziki. Idadi ya waliokufa ilifikia 60, na mamia walijeruhiwa. Bunduki zake kadhaa zilikuwa na kitako chenye kuteleza, ambacho huitumia nguvu ya msukumo wa bunduki kuirudisha kwenye kidole mara kwa mara, hata mlio ukawa kama wa rashasha. Serikali ya Rais Donald Trump ilikipiga marufuku kitako hicho kuanzia Machi 2019.

Muuza bunduki wa Austin, jimboni Texas, Michael Cargill, alishtaki. Tarehe 14 Juni mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji Clarence Thomas, aliyeambatanisha na hukumu yake michoro ya ndani ya kifyatuo, alieleza kwamba sheria inaitambua rashasha kwa kutoa risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la kifyatuo, na kwamba kitako kile hakibadilishi jambo hilo. Jaji Sonia Sotomayor, kwa niaba ya watatu waliopinga, alisema wenzake wameyaacha maana ya kawaida ya maneno ya sheria. Jaji Samuel Alito, aliyekubaliana na walio wengi, alikumbusha kwamba Bunge linaweza kuibadilisha sheria. Majimbo zaidi ya kumi yanaendelea kukikataza kifaa hicho kwa sheria zao wenyewe.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Machi 2025, mahakama hiyo hiyo iliunga mkono kwa kura 7 dhidi ya 2 kanuni inayowezesha baadhi ya vifurushi vya vipuri vya kujiundia silaha nyumbani kuhesabiwa kuwa bunduki. Kwa hukumu hizo mbili, kipuri kimoja kilisalimika na kingine kikabanwa.

Waliopoteza na wanaomiliki

Kwa jamaa za waliouawa, mjadala wa springi na vitako huwa mgumu kuuvumilia. Katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, tarehe 14 Desemba mwaka 2012, waliuawa watoto 20 na watu wazima 6. Huko Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei mwaka 2022, waliuawa watoto 19 na walimu 2. Mara zote mbili silaha ilikuwa ya aina ya AR-15. Jamaa hao husema sifa zile zile zinazoshangiliwa viwanjani, wepesi, shabaha na uhakika wa kutokwama, ndizo zilizowamaliza watoto wao kwa dakika chache.

Wapenzi wa bunduki hujibu kwa takwimu. Katika mauaji ya silaha za moto yaliyoripotiwa kwa FBI mwaka 2020, bastola zilihusika kwa asilimia 59, na bunduki za aina ya raifo, zikiwemo AR-15, kwa asilimia 3, ingawa katika sehemu kubwa ya mauaji yaliyobaki aina ya silaha haikutajwa. Hudai pia kwamba mamilioni ya wenye AR-15 hawajamdhuru mtu. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, na hakuna inayoifuta nyingine. Uingereza ilikwisha kuchagua njia yake: baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka 1987, bunduki za jamii hii, zinazojipakia na kutumia risasi zenye nguvu, ziliondolewa mikononi mwa raia.

Suala hili linawahusu pia Waswahili wanaoishi Marekani. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki, akitimiza masharti yanayomhusu raia. Lakini mwenye viza ya muda, akiwemo mwanafunzi au mgeni aliyekuja kutembea, kwa kawaida hairuhusiwi kwake kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile leseni ya kuwinda. Na asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao, hata kama ameishi huko miaka mingi na watoto wake wamezaliwa huko. Mtutu uliopungua inchi moja, ambao kwa rafiki wa uwanjani huweza kuwa mada ya mzaha, kwake yeye unaweza kuwa mwisho wa makazi yake.

Ndivyo ilivyo AR-15. Kwa kuwa kila kipande chake hubadilishwa, haifiki siku mwenye nayo akasema imekamilika, wala haifiki siku watunga sheria wakasema wameimaliza. Uzoefu wa Vietnam uliwafundisha wapenzi wake kwamba jambo dogo likipuuzwa huua. Wanaoilalamikia leo wanasema jambo lile lile, ila wao wanahesabu waliokuwa mbele ya mtutu.